Mama Mkwe wa Korokoroni

Watu wakizungumza habari za ulinzi mbele yangu huwa nanyamaza, na wanaonijua wanajua kwamba nikinyamaza nimekasirika. Ulinzi! Ghala letu la kahawa kule Mbozi lililindwa kuliko boma la Bwana Shauri wa serikali. Lilikuwa na uzio wa waya wa miiba, lilikuwa na mbwa, madirisha yake yalitiwa nondo hata paka asipenye, na kufuli lake lilikuwa kubwa kama kichwa cha mwana-mbuzi. Juu ya hayo yote lilikuwa na mume wangu mlangoni. Kahawa ya watu ililala salama salimini. Mama yangu ndiye aliyekufa humo.

Nasema mapema ili usikae ukingoja kusikia kwamba aliponea chupuchupu. Hakupona.

Mama alikuwa mjane. Baba alipofariki ndugu zake walikuja msibani, wakalia jioni, asubuhi wakagawana mibuni. Ndiyo, mibuni ile ile ambayo mama aliimwagilia maji aliyoyabeba kwa kichwa chake kutoka mtoni ilipokuwa miche. Alipouliza, akaambiwa mwanamke hana kahawa. Wakamwachia kijishamba cha ulezi mtelemkoni, mahali ambapo mvua ikinyesha udongo wote unahamia kwa jirani. Nilikuwa bado msichana, nikawatazama baba zangu wadogo na wakubwa wakila ugali wetu huku wakituibia, na tangu siku hiyo sijawahi kumwogopa mwizi wa usiku. Wezi niliowajua mimi walikuja mchana na salamu mdomoni.

Basi kampuni ya kahawa ilipojenga ghala, wakatangaza kwamba wanataka wanawake wa kuchambua. Kazi yenyewe ni kukaa chini kutwa nzima, ungo mapajani, unatoa punje nyeusi, zilizovunjika na zilizoliwa na wadudu, unaacha nzuri. Mama akaniambia anakwenda.

Nikamwambia, "Mama, pale mlangoni yupo mkweo."

"Yupo mlangoni, mimi nitakuwa ndani."

"Na kuingia? Na kutoka?"

Akanitazama kwa jicho lake lile. "Njaa nayo ni mkwe wangu, mwanangu? Mbona yenyewe inanikodolea macho kila siku wala haina haya?"

Hapo inabidi nieleze, maana siku hizi vijana wanapigana mabega na wakwe zao kama watoto wa shule. Kwetu sisi Wanyiha, mwanamume akishaoa, yeye na mama wa mkewe hawatazamani usoni, hawasemezani, hawapishani njiani. Aliyemwona mwenzake kwanza anaingia vichakani mpaka mwingine apite. Likiwapo la kusema, linapitishwa kwa mtu: mwambieni hivi, mwambieni vile, hata kama anayeambiwa yupo hapo nyuma ya ukuta na amekwisha sikia. Si uadui huo. Ni heshima, tena nzito. Mtu aliyeuona mwili wa mama mkwe wake, hata kwa bahati mbaya, kwetu ni kama amemlaani mkewe na watoto watakaozaliwa. Mwalimu wa kanisa alikuwa akituhubiria kwamba hayo ni giza, tuyaache. Mama aliposikia akasema, "Mwambieni mwalimu atutangulie. Aketi jamvi moja na mama mkwe wake, tumwone." Mwalimu hakuketi.

Heshima hiyo ina namna yake ya kufunguliwa. Mama mkwe anapika karamu, mkwe anasindikizwa mpaka nyumbani kwake, anakula ameinamisha kichwa, wanapeana salamu, na kuanzia hapo wanaweza kuonana kama watu. Mama alikuwa na hamu ya siku hiyo kuliko mimi. Alimpenda mkwewe kwa kumsikia tu, kikohozi chake, hatua za mabuti yake, namna alivyokuwa akicheka nami. Alifuga kuku wa karamu, na kila mara alilalamika kwamba wanazeeka wakimngoja bwana mkubwa apate ruhusa. Na ruhusa hakupata. Mume wangu alipoomba siku moja tu ya kwenda kula kwa mama mkwe, bwana meneja alimwambia ghala halina sikukuu. Akaomba tena baada ya mavuno, akaambiwa baada ya lori. Lori likaja, likaenda, akaambiwa baada ya msimu.

Mume wangu alikuwa Mnamwanga wa upande wa Chapwa, kule ambako nusu ya jamaa wako huku na nusu wako ng'ambo ya mpaka, na wote wanakuja harusini. Alitoka vitani Burma na koti zito la askari, mabuti na kikohozi. Nilimpenda kwa sababu hakujisifu. Wenzake waliotoka huko walitupigia hadithi mpaka masikio yakatuuma, lakini yeye ukimwuliza vita vilikuwaje anakwambia mvua ilikuwa nyingi. Meneja alipoliona lile koti tu akamwajiri kuwa korokoroni wa kulinda ghala, hakuuliza hata jina la babake. Akapewa rungu na filimbi. Vifungo vya koti alikuwa akivisugua kwa majivu kila asubuhi mpaka ving'ae, nami nikimtania, "Unakwenda kulinda kahawa au unakwenda kuoa mke wa pili?" Akicheka kikohozi kinamkamata.

Kazi yake kubwa ilikuwa jioni. Wanawake wanatoka mmoja mmoja kwa mlango mdogo wa ubavuni, kila mmoja anakung'uta kaniki, anafungua kilemba, anapanua mikono, korokoroni anapapasa mafundo ya nguo asije akawa amefunga punje. Mlango mkubwa wa mbele ulikuwa wa magunia tu, ulifunguliwa lori likija, na ufunguo wake alikaa nao nyapara aliyesimamia kazi. Mume wangu kazi ile ilimtia aibu tangu mwanzo. Alimwomba meneja atafutwe mwanamke wa kuwapekua wanawake wenzake. Meneja akacheka akasema huyo mwanamke ndiye atakayekuwa mwizi wa kwanza.

Sasa mama alipoanza kazi, wanawake wenyewe wakatengeneza utaratibu. Mama atatoka wa mwisho kabisa. Wenzake wakishaisha, aliyemtangulia anapaza sauti, "Mkwe huyo!" Mume wangu anageuka, anaukabili uzio, anainua ukosi wa koti mpaka masikioni, na mama anapita nyuma yake mbio mbio kama kuku aliyeona kivuli cha mwewe. Wanawake walicheka mpaka wakashika mbavu. "Jamani, askari wa Kingi! Wajapani hakuwakimbia, anamkimbia bibi kizee!" Naye akicheka humo humo ndani ya ukosi. Hata mama nilimsikia akicheka alipokuwa akija njiani. Kwa muda fulani tuliishi vizuri, na mimi nilidhani kwamba mambo yanaweza kwenda hivyo mpaka karamu ipikwe.

Halafu ikasemwa kwamba kahawa inapungua. Gunia linapimwa likiingia, linapimwa likitoka, vipimo haviwiani. Mpaka leo sijui kama kulikuwa na aliyeiba. Labda alikuwapo. Kahawa pale kwetu utaiuza kwa nani, utaitafuna? Lakini kampuni ikisema imeibiwa imeibiwa, wewe ni nani? Mwenye nguvu mpishe. Na nyapara, mtu ambaye mwili wake wote ulikuwa mdomo, akaenda kwa meneja kusema, "Bwana, kuna mwanamke mmoja hapekuliwi."

Meneja akamwita mume wangu. Alinisimulia jioni hiyo, ameketi juu ya kinu, hajavua hata koti.

"Ameniuliza kwa nini simpekui yule mwanamke. Nimemwambia ni mama mkwe wangu. Ameniuliza mama mkwe ndiyo nini. Nimemweleza. Akasema hata kwao Ulaya watu hawawapendi mama wakwe zao, akacheka na nyapara akacheka. Nimemwambia, bwana, mimi nampenda."

"Kisha?"

"Kisha amesema nyapara ndiye atakayempekua."

Nilikwenda kwa mama kesho yake alfajiri nikamwambia aache, tutakula pamoja hicho kidogo tulicho nacho. Akaniuliza atakula nyumbani kwa mkwe wake kabla karamu haijapikwa, apite mlango gani? Akajifunga kaniki yake akaenda kazini.

Kuanzia hapo jioni za ghalani hazikuwa na kicheko tena. Mama alitoka wa mwisho kama kawaida, mume wangu akageukia uzio kama kawaida, na nyapara akampapasa mama yangu pale pale nyuma ya mgongo wa mkwewe. Polepole, tena kwa maneno. "Na huku kuna nini, bibi? Na hapa umeficha nini?" Mume wangu akasikia yote. Hakuweza kugeuka kumzuia, maana kugeuka ni kumwona mama amefunguliwa nguo. Alishika waya wa miiba kwa mikono miwili. Viganja vyake niliviosha mimi kwa maji ya chumvi, nikaona matundu, wala sikumwuliza. Mama naye hakunieleza neno; walionieleza ni wenzake. Nilikuwa na watu wawili niliowapenda, wamedhalilishwa mahali pamoja na saa moja, na kila mmoja alinyamaza ili kumfichia mwenzake.

Kahawa ikazidi kupungua. Ikaja amri nyingine: wanawake wakishaingia asubuhi, mlango mdogo ufungwe kwa kufuli kutoka nje mpaka jioni, ufunguo avae korokoroni shingoni, asimpe mtu. Mwenye haja agonge, afunguliwe, apekuliwe, aende, arudi. Mume wangu, ambaye hakuwa mtu wa kubishana na mkubwa, safari hiyo alibisha.

"Bwana, ndani kuna watu."

"Ndani kuna kahawa," akajibiwa.

Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni: mume wangu aliufunga mlango ule kwa amri, lakini siku zote aliketi hapo hapo kizingitini, kwenye jua na kwenye mvua, asiende hata kujinyoosha, ili agongewapo asikawie. Chakula chake cha mchana nilimpelekea mimi.

Mbozi wakati wa baridi si mahali pa mchezo. Ukungu unashuka mpaka mlangoni, vidole vinakufa, na vidole vilivyokufa haviwezi kuchambua kahawa. Kwa hiyo kampuni iliwaruhusu akina mama kuingia na makaa ndani ya chungu kilichovunjika, wakayazunguka wakiota mikono kwa zamu. Huo nao ulikuwa ulinzi, wa kazi isichelewe. Kulikuwa na makapi makavu kila mahali, na magunia matupu yamepangwa mpaka karibu na bati. Mbwa wa mwizi alifikiriwa, nondo za mwizi zilifikiriwa, waya wa mwizi ulifikiriwa. Moto hakuna aliyeufikiria.

Siku ile nilikuwa njiani, nimebeba ugali na maharage kichwani, mtoto wetu mgongoni. Nikaona moshi unatoka kwenye madirisha ya ghala. Kwanza nilidhani ni ukungu. Halafu nikasikia filimbi, inapigwa bila kupumzika, na sauti za wanawake. Chakula sijui nilikitupa wapi. Nilikimbia.

Nilipofika mlango mdogo ulikuwa wazi. Mume wangu alikuwa ameufungua mara tu alipogongewa, hilo wanawake wote walilisema na mimi nalisema. Alisimama pale akiwavuta mkono mmoja mmoja, kwa sababu mlango wenyewe ulitengenezwa kusudi wasipite wawili. Mlango mkubwa ulikuwa na kufuli lake, na nyapara mwenye ufunguo alikuwa ameondoka kwenda kula. Wanawake wakatoka wakikohoa, wakaanguka majanini, wengine wakitapika. Niliwapita nikitafuta uso. Mama hayupo.

"Mama yuko wapi?"

Mwenzake aliyekuwa akikaa naye ungo kwa ungo akanishika mkono. "Yumo ndani. Yu mzima, yupo karibu na mlango. Alivua nguo yake akaupigapiga moto, nguo ikaungua yote. Hana kitu mwilini."

Nikaelewa papo hapo. Nadhani nilielewa kabla hajamaliza kusema. Mama, ambaye kila siku alitoka wa mwisho, alikuwa amewapisha wenzake watangulie, na sasa imefika zamu yake na yu uchi, na mlangoni amesimama mkwewe.

Na mume wangu naye alikuwa ameelewa. Alikuwa amevua lile koti, amelitupa kizingitini kwa mkono wa nyuma ili mama alichukue ajifunike, kisha akageuka, akaupa mlango mgongo, akajifunika macho kwa mikono. Nikamsikia akisema, kwa mara ya kwanza maishani mwake, akisema naye moja kwa moja bila kupitisha kwa mtu:

"Mama, toka. Sikuoni mama. Koti hilo hapo. Toka."

Kutoka ndani ikaja sauti yake. Kavu, ya kukohoa, lakini ilikuwa yake. Haikumjibu yeye. Ilisema, "Mwambieni aondoke kwanza."

Mume wangu akakimbia. Akakimbia mpaka kwenye uzio, mwisho kabisa, huku akipaza sauti, "Nimeondoka mama! Niko mbali! Toka!" Lakini moshi ulikuwa umeshakuwa mnene, na mtu aliye ndani ya moshi haoni nani ameondoka na nani amebaki. Nilimfungua mtoto mgongoni nikamtupia yule mwanamke, nikaingia. Sikuona kitu. Nilipapasa chini nikapata mguu. Alikuwa amejikunja kando ya mlango, kiasi kwamba kama angenyoosha mkono angeligusa koti. Alikuwa amejifunika gunia tupu. Nilimvuta hivyo hivyo mpaka nje, nikamwita, nikampuliza usoni, nikamkalia kifuani kama kichaa. Moto haukumgusa kabisa. Uso wake ulikuwa mzima, midomo tu ndiyo ilikuwa imegeuka rangi. Mama wee!

Watu wameniuliza miaka yote, kwa nini mumeo hakuingia? Angefumba macho akaingia. Tena wanaouliza ni Wanyiha na Wanamwanga, waliolelewa kama sisi! Nawajibu, wewe ulikuwepo? Kama angemshika mwili uchi, mama angekufa kwa namna nyingine, na kabla hajafa angemlaani. Alimpa alichoweza kumpa. Alimpa mgongo. Nilimkasirikia Mungu, nikawakasirikia waliotengeneza mlango ule, nikamkasirikia hata mama mwenyewe pale majanini, nikampigia kelele maiti, "Aibu gani hii, mama? Aibu gani?" Mume wangu sikumkasirikia, na hilo ndilo alilokataa kuliamini.

Meneja akafika na motokaa yake pamoja na nyapara. Wakafungua mlango mkubwa, wanaume wa shambani wakamwaga maji, moto ukazimika. Upande wa magunia yaliyojaa haukuungua. Meneja akavuta pumzi, nilimwona. Kisha akawatazama wanawake waliokuwa wametapakaa majanini, akasema neno na nyapara, na nyapara akapaza sauti kwamba wametoka bila kupekuliwa, wasimame mstari.

Nakuapia. Wakasimama. Wanakohoa, machozi yanawatoka, na wanakung'uta nguo. Nyapara akampekua mmoja baada ya mwingine mpaka akafika tulipokuwa. Mama nilikuwa nimemfunika koti, na gunia nilikuwa sijalitoa chini yake. Nyapara akalivuta. Akalikung'uta mbele ya meneja, zikadondoka punje za kahawa kwenye majani, chache tu, kama zinavyodondoka kwenye gunia lolote la kahawa ulimwenguni.

"Bwana unaona?" akasema.

Meneja akatikisa kichwa kwa masikitiko. Masikitiko hasa, hakuwa akiigiza. Akasema ndiyo maana mwanamke huyu alibaki nyuma. Wenzake wote walijua ukweli. Walisimama mstarini wakitazama chini, na wala siwalaumu, walikuwa na watoto. Mimi nilisema. Nilisema mpaka sauti ikakauka, kwa Kinyiha na kwa Kiswahili, na meneja akaniambia pole sana mama, chukueni maiti yenu. Mume wangu akatakiwa avue filimbi. Akaambiwa makosa yake ni mawili: amegeuza mgongo wakati wa hatari, na mwizi alikuwa jamaa yake. Koti akaachiwa, kwa sababu lilikuwa lake.

Tulimlaza mama nyumbani kwake. Wale ndugu wa baba walikuja nao, wakalia vizuri sana. Mume wangu akakaa nje, mbali, chini ya ukuta wa jirani, kama inavyompasa mkwe, na maneno kwamba mama alikuwa mwizi yalikuwa yamekwisha tutangulia kijijini, nikaona watu wanakula huku wakinong'ona. Shangazi yangu, mkubwa wa wanawake wote pale, ndiye aliyesimama. Alisema, "Mwiteni yule kijana. Karamu hakula. Basi uso na auone, mtu asimzike mama mkwe ambaye hamjui." Wazee wengine waliguna, lakini shangazi hakuwa mtu wa kubishiwa. Wakamfunika mama vizuri mpaka shingoni, wakamwita.

Akaingia ameinamisha kichwa. Shangazi akamwambia inua macho, sasa ni halali. Akainua. Akamtazama, wanawake wakaacha kulia wakimtazama yeye. Miaka yote ile ya ndoa alikuwa ameijua sauti yake tu, na kivuli kinachopita nyuma ya mgongo. Kisha akageuka akanitazama mimi niliyekuwa nimeketi kichwani pa maiti, akamtazama mama tena, akanitazama tena.

"Kumbe mnafanana," akasema.

Akatoka nje.

Nilidhani ni neno la msibani tu. Msiba ukaisha, tukarudi kwetu. Kazi ya lindo hakupata tena mahali popote. Alikwenda Tunduma kwenye maduka, habari zilikuwa zimefika kabla yake. Alikwenda kwa jamaa zake ng'ambo ya mpaka, akarudi. Akawa kibarua wa kulima mashamba ya watu. Hakunipiga, hakunitukana, hakunywa pombe. Lakini kunitazama hakunitazama tena. Nikiingia anageukia ukuta. Nikimwita anaitika, "Nakusikia," na kusikia alikuwa akisikia. Nilimwambia, "Mimi si mama. Mimi ni mkeo. Nitazame." Alijaribu siku moja, nilimwona akijaribu, akainua kichwa polepole kama alivyoinua pale msibani, na yalipofika macho yake usoni pangu akajifunika macho kwa mikono kama siku ile mlangoni. Sikumwomba tena. Nilizoea kumwekea chakula chake nyuma yake, nikatoka nje, nikakohoa ajue kwamba nimeondoka, ndipo akageuka kula.